Gari la umeme na utingo wake kwenye barabara za Ulaya

Nyuma ya malori na mabasi mengi ya Ufaransa kuna vibandiko vya duara vyenye tarakimu: 60, 80, 90. Ni kasi ya mwisho ya chombo hicho chenyewe, kulingana na aina ya barabara. Dereva anayefuata nyuma havitazami hata kidogo. Kamera iliyofungwa juu ya kioo cha mbele cha gari lake la umeme inavitazama. Imefundishwa kwamba duara lenye tarakimu ni amri, na kuna nyakati huamini imeona kibao cha barabarani. Hapo dashibodi inatangaza kwamba mwisho ni 80, ilhali uko kwenye barabara kuu ya 130. Kama umeliruhusu gari lifuate vibao lenyewe, linaanza kupunguza mwendo, na aliye nyuma yako anabaki akijiuliza umepatwa na nini.

Kosa hilo lina kichekesho chake, ila ndani yake mna habari nzima ya mifumo ya kumsaidia dereva. Macho ya gari ni mazuri sana siku hizi. Kinachosumbua ni maana ya kile kinachoonekana.

Watu huuliza kama magari ya umeme "yanajiendesha vizuri" huko Ulaya. Jibu la haraka ni kwamba kwenye barabara kuu iliyonyooka yanafanya vizuri kweli, na ukitoka hapo mambo yanaanza kutegemea hili na lile. Mimi naona swali lenye uzito zaidi ni jingine: gari likifika mwisho wa uwezo wake, linakuarifu mapema kiasi gani, na linakukuta ukifanya nini?

Mfikirie utingo wa lori. Utingo mzuri anatazama upande ambao dereva hauoni, anagonga bodi lori linaporudi nyuma, na usiku anapiga soga ili bosi wake asisinzie. Lori likigonga, hata hivyo, polisi wanamwita dereva. Karibu mifumo yote inayouzwa Ulaya leo ni utingo wa namna hiyo. Chama cha wahandisi cha SAE kimepanga ngazi kuanzia 0 hadi 5, na mifumo hii iko ngazi ya 2: gari linaweza kushika usukani, kuongeza mwendo na kufunga breki kwa pamoja, lakini dereva bado ndiye dereva, macho yake barabarani na lawama mikononi mwake. Jina la biashara linaweza kuwa Travel Assist, Autopilot, ProPILOT au BlueCruise. Mbele ya hakimu majina hayo hayabadilishi kitu.

Hivi kwa nini tunazungumzia magari ya umeme hasa? Betri haihusiki na kusoma mistari ya barabara. Kilichotokea ni kwamba magari ya umeme yalichorwa upya tangu mwanzo, yakapewa kompyuta zenye nguvu na programu zinazosasishwa kupitia mtandao, kwa hiyo vitu vipya vilianzia huko. Jambo moja tu ndilo lao kweli: mota ya umeme hutii amri papo hapo, kwa kawaida haina gia za kubadilisha, na hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri. Foleni ikisogea mita mbili ikasimama, ikasogea tena, gari la umeme lenye mfumo mzuri hufanya kazi hiyo kwa ulaini ambao la dizeli lilikuwa likiutafuta bila kuupata.

Na barabara kuu ndiko mifumo hii inakojisikia nyumbani. Mistari imechorwa vizuri, wote wanaelekea upande mmoja, hakuna baiskeli, hakuna mtoto anayekimbiza mpira. Rada hupima umbali na mwendo wa gari la mbele, kamera hutafuta mistari ya kulia na kushoto, kompyuta hulishikilia gari katikati. Travel Assist ya Volkswagen, iliyomo kwenye magari yao ya umeme ya ID, hutumia pia taarifa zilizokusanywa na magari mengine yaliyopita hapo, hivyo inaweza kushika leni hata ikiona mstari mmoja tu. Mtu akiendesha kwa muda wa saa nne kutoka Hamburg kwenda kusini na mfumo wa aina hii, anashuka akiwa na mabega mepesi. Hilo halina ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye matengenezo ya barabara. Ujerumani wakifungua kazi kwenye Autobahn, yaani barabara kuu zao, huchora mistari ya njano juu ya ile nyeupe, na sheria inasema ya njano ndiyo inayotawala. Mistari nyeupe haifutwi, inabaki pale pale chini. Dereva wa Kijerumani amejifunza hilo kwenye shule ya udereva. Kamera inaona mistari minne au mitano inayokatana, mingine ikiingia moja kwa moja kwenye ukuta wa zege, na inalazimika kuchagua. Mara nyingi huchagua sawasawa. Leni ya kushoto hapo huwa imebanwa hadi vyombo vyenye upana unaozidi takriban mita 2.1 vinakatazwa kuingia, na gari la umeme la familia, ukihesabu na vioo vyake vya pembeni, linaweza kugusa kipimo hicho. Kulia kuna lori, kushoto kuna zege. Mimi hapo nazima mfumo na kushika usukani mwenyewe, na sioni aibu.

Tutoke barabara kuu sasa, tuingie vijijini. Ujerumani na Ufaransa, kibao chenye jina la mji mwanzoni mwa makazi kina maana ya pili: kuanzia hapa mwisho ni 50. Hakuna tarakimu yoyote juu yake. Kamera inayowinda duara lenye namba hapo haina cha kukamata, kwa hiyo gari linategemea ramani iliyomo ndani yake, au liwe limefundishwa kwamba jina la kijiji kwa umbo lile na rangi ile ni sheria ya mwendo. Ramani nayo huchakaa. Ufaransa ilishusha kasi ya barabara za kawaida za vijijini kutoka 90 hadi 80 Julai 2018, kisha baadhi ya mikoa ikapandisha tena vipande vyao. Hispania ilishusha mitaa mingi ya mijini hadi 30 Mei 2021. Wales nayo, Septemba 2023, ilifanya maili 20 kwa saa kuwa ndiyo kasi ya kawaida ya maeneo ya makazi badala ya 30. Kila mabadiliko kama hayo yaliacha nyuma magari yenye kumbukumbu ya sheria iliyokufa.

Suala hili lingebaki la wapenda magari kama si sheria ya Umoja wa Ulaya. Kuanzia Julai 2022 kwa aina mpya za magari, na Julai 2024 kwa kila gari jipya linalosajiliwa, ni lazima gari liwe na mfumo unaotambua kasi inayoruhusiwa na kumwonya dereva akiizidi. Ni lazima pia liwe na breki ya dharura inayojifunga yenyewe, msaada wa kulirudisha gari linapotoka kwenye leni, na chombo cha kugundua uchovu wa dereva. Onyo la kasi linaweza kuwa mlio, au mtikisiko, au kanyagio la mafuta (jina limebaki hata mafuta yalipoondoka) likakusukuma mguu juu. Unaweza kulizima. Ukizima gari na kuliwasha tena, onyo linarudi.

Hapo ndipo wenye magari mapya wanapochemka kwa hasira. Sheria haikudai usahihi kamili: kipimo chake ni kutambua kasi sahihi kwa zaidi ya asilimia 90 ya umbali unaoendeshwa kwenye majaribio. Ukisoma haraka unaona ni alama nzuri. Igeuze sasa. Katika safari ya kilomita 100, gari linaweza kuwa na taarifa ya uongo kwa karibu kilomita 10 na bado likahesabiwa limefaulu. Linasoma kibao cha leni ya kuchepukia na kudhani kinakuhusu. Linasoma kibao cha shule kinachofanya kazi saa za masomo tu, nawe unapita Jumapili. Kila mara linalia: ti, ti, ti. Baada ya wiki mbili dereva anakuwa amekariri njia fupi ya kuuzima mlio, anaupitia kila asubuhi kabla hata hajafunga mkanda, na siku mlio ule ungekuwa na ukweli haupo. Sheria nilivyoielewa ni njema, na kwa wengi onyo linasaidia. Lakini mlinzi anayepiga yowe kila paka akipita huishia kufungiwa nje ya usingizi wa watu.

Kuna na vipilefti. Ufaransa inavipenda kuliko nchi yoyote niijuayo, ingawa jina letu linakosea njia kule, maana unashika kulia. Mifumo mingi ya ngazi ya 2 inajua kwa ramani kwamba kipilefti kiko mbele na inapunguza mwendo kwa ustaarabu. Ukiingia ndani, mistari inapinda ghafla au inatoweka, na usukani unaachiwa kimyakimya, mara nyingine kwa alama ndogo ya kijani inayogeuka kijivu kwenye kioo cha dashibodi. Uingereza wana vile vidogo vilivyo duara tu la rangi lililopakwa chini. Gari linalotafuta kisiwa halioni kisiwa.

Kona ndizo zinazowashangaza waliozoea kusikia habari za Marekani. Ulaya, uwezo wa usukani kujipinda wenyewe unafungwa na Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamiwa na tume iliyoko Geneva. Kanuni hiyo iliweka kikomo cha nguvu ya kuvuta pembeni: mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Hesabu yake ni rahisi. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 100, ambayo ni ya kawaida kabisa kwenye barabara ya mashambani, kwa kikomo hicho inaruhusu takriban kilomita 62 kwa saa. Dereva mwenyeji anaichukua kwa 75 huku akitafuna mkate. Gari lililoingia kwa 75 litapunguza mwendo kwanza, au litaanza kutanuka kuelekea mstari wa kati, au litaachia usukani. Ile kona kali ya milima ya Alps yenye nusu kipenyo cha mita 15 inataka kilomita 24 kwa saa.

Kanuni hiyo hiyo ilitaka dereva awashe indiketa mwenyewe ndipo gari lihamie leni nyingine, na muda ukipita bila gari kuanza kuhama, lighairi. Mwaka 2019 Tesla ililazimika kupunguza uwezo wa Autopilot kwa wateja wa Ulaya ili kufuata masharti haya, wakati gari lile lile Marekani liliendelea kama kawaida. Kwa hiyo anayetazama video ya California na kununua gari Rotterdam ananunua tabia nyingine, hata kama chuma ni kile kile. Tangu Septemba 2024 kuna kanuni mpya, namba 171, inayolegeza baadhi ya vifungo hivi na kwa upande wa pili kukaza usimamizi wa dereva. Nitarudi hapo.

Kabla ya hapo, breki. Lalamiko moja lina umaarufu wake: gari linafunga breki lenyewe barabara ikiwa tupu. Chini ya daraja, kwenye kivuli kikali, au lori la leni ya pili likiegemea mstari kidogo. Upande wa pili wa sarafu hiyo hauzungumzwi sana: gari kutofunga breki mbele ya kitu kilichosimama. Haya mawili ni ndugu. Rada hutofautisha vitu kwa mwendo wao. Gari linalokwenda 110 mbele yako linang'aa kwenye rada. Gari lililosimama linafanana na daraja, kibao, ukingo wa chuma na kifuniko cha mtaro, yaani kila kitu kisichosogea. Kama rada ingefunga breki kwa kila kimojawapo, usingefika popote, kwa hiyo wahandisi huifundisha kupuuza vilivyosimama mpaka kamera ithibitishe. Wakilegeza sharti hilo wanapata breki za mzuka. Wakilikaza wanapata gari linalochelewa kuona foleni iliyosimama. Kila kampuni inachagua mahali pa kusimama kati ya makosa hayo mawili. Tesla yenyewe iliamua kuachana na rada na kutegemea kamera, kwanza Marekani mwaka 2021 na baadaye Ulaya.

Euro NCAP, wale wanaogongesha magari ukutani na kutoa nyota, wana jaribio linaloonyesha hili vizuri. Gari linalopimwa linafuata jingine kwa mfumo wake. La mbele linachepuka ghafla, na nyuma yake kumbe kulikuwa na gari lililosimama. Utingo ana sekunde chache za kuelewa kwamba aliyekuwa akimfuata hakuhama bure.

Kaskazini kuna mtihani mwingine. Norway mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, kwa hiyo hakuna nchi yenye uzoefu wa kila siku kuizidi. Na ndiyo nchi ambayo theluji inafunika mistari miezi kadhaa kwa mwaka, matope ya chumvi yanaganda juu ya rada iliyo kwenye bampa, na barabara nyingi za pembezoni ni nyembamba kiasi kwamba hazina mstari wa kati kabisa. Wanaishi hivi: mfumo unatoa ujumbe kwamba sensa imezibwa, dereva anaendesha kama baba yake alivyoendesha. Kuzibwa na kusema umezibwa ni uaminifu, na mfumo unaokiri namna hiyo naupa alama zaidi kuliko unaojikaza.

Hapo tunarudi kwa dereva. Oktoba 2020 Euro NCAP ilitoa kwa mara ya kwanza alama za mifumo ya msaada, magari 10. Tesla Model 3, gari pekee la umeme ambalo kila mtu alilisubiri, lilipata 95 kati ya 100 kwa kuokoa watu hali inapoharibika, na kwa uwezo wa mfumo wenyewe lilikuwa juu pia. Daraja lake la mwisho likawa "wastani". Mercedes GLE, gari zito la kawaida, likapewa daraja la juu kabisa. Sababu ni safu ya tatu ya alama: namna gari linavyomshirikisha dereva na kumweka macho. Hapo Model 3 lilipata 36. Wapimaji walikuwa wameweka sharti lenye hekima, kwamba uwezo wa mfumo hauwezi kuhesabiwa zaidi ya uwezo wake wa kumweka dereva kazini. Utingo hodari anayemwachia bosi asinzie hapewi sifa ya uhodari. Nimekwisha kusikia watu wakisema ni wivu wa Wazungu dhidi ya kampuni ya Marekani. Mimi sioni hivyo; nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote waliyowahi kupima kwenye mifumo hii.

Maana dereva anapimwaje? Kanuni ya zamani iliangalia mikono. Ukiachia usukani, ndani ya sekunde 15 onyo la kwanza linatokea. Kwa mwendo wa 120 hizo ni mita 500. Magari mengi yalitambua mikono kwa kusikia usukani ukivutwa kidogo, na mtu aliyeushika vizuri kabisa, ila kwa utulivu, alikuwa akifokewa kwamba hayupo. Wengine wakaning'iniza uzito kwenye usukani ili waidanganye. Usukani unaohisi mguso wa kiganja umepunguza kero hiyo, lakini mkono ukiwa kwenye usukani bado hausemi macho yako wapi.

Ndiyo maana kamera imegeuzwa, sasa inamtazama dereva. Aprili 2023 Uingereza iliruhusu BlueCruise kwenye Ford Mustang Mach-E: mikono mapajani hadi kilomita 130 kwa saa, kwenye barabara kuu zilizochaguliwa tu, huku kamera ya infraredi ikifuatilia macho na shingo. Mwaka huo huo BMW ilileta i5 ambayo kwenye Autobahn inapendekeza kuhama leni, na wewe unakubali kwa kutazama kioo cha pembeni. Napenda wazo hilo kuliko yote, kwa sababu ishara ya kukubali ni kitu kile kile ambacho dereva alipaswa kukifanya. Kanuni namba 171 inaelekea huko huko.

Yote hayo bado ni ngazi ya 2. Ngazi ya 3 ni ndoa nyingine: mfumo ukiwa kazini, mwendeshaji ni gari. Mercedes ilipata kibali Ujerumani Desemba 2021, na kuanzia Mei 2022 mfumo wake wa ngazi hiyo, Drive Pilot, uliuzwa kwenye S-Class na kwenye EQS ya umeme, awali kwa foleni zisizozidi 60 kwa saa kwenye Autobahn, baadaye hadi 95 ukiwa leni ya kulia na kuna gari mbele la kulifuata. Sheria inakuruhusu kutazama filamu kwenye kioo cha dashibodi. Kulala hapana. Ili lifike hapo, gari liliongezewa lidari (kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza), ramani ya vipimo vidogo sana, maikrofoni za kusikia ving'ora vya magari ya dharura, na kihisi cha maji kilichofichwa juu ya gurudumu, kinachosikiliza matone yanavyorushwa na tairi.

Mvua ikianza, kihisi hicho ndicho cha kwanza kujua. Filamu inakatika, taa inawaka, na gari linaomba usukani upokelewe. Kanuni inampa mtu sekunde 10. Kwa mwendo wa 95 ni mita 264 za kuikumbuka barabara: uko leni ipi, nani yuko kushoto, ulikuwa ukienda wapi.